Kitabu cha Kumrudisha Samaki

Kabla hamjaniuliza, vijana wangu, naomba niseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyemwazima kapiteni wa wavuvi wa Makobola kile kitabu kilichomfanya avue kuhe mnene, samaki wa kutosha sufuria ya watu wanane, amtazame, kisha amrudishe ziwani. Nimefanya kazi ya maktaba hapa Uvira miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Nimeshona vitabu vilivyochanika, nimefukuza panya, nimewafundisha wanaume wazima kunawa mikono kabla ya kufungua atlasi. Hakuna anayenikumbuka kwa hayo. Dereva wa moto, yaani pikipiki, akinibeba, hatujafika hata kona ya kwanza ananiuliza habari za samaki.

Sasa nimestaafu, ufunguo uko kwenu, na mmeniomba niwaeleze kazi hii ikoje. Nitaanza na katoni.

Katoni yenyewe ilitoka Ulaya, ikapita Bujumbura, ikafika kwenye chumba chetu cha maktaba, mtaa wa Mulongwe, imefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Sisi tulikuwa tumeomba vitabu vya hesabu. Nilipofungua nikakuta vitabu vya Kifaransa zaidi ya thelathini, vyote vya wanaume wanaojifurahisha nje ya nyumba: kuvua kwa fimbo na ndoana, kupanda milima, kulala kwenye hema, kutazama ndege, kurusha tiara. Kwenye kila jalada mwanaume anacheka. Nilikuwa sijawahi kuona wanaume wengi namna ile wakicheka pamoja bila chupa mkononi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Saleh, mtu wa zile familia za wafanyabiashara Waislamu waliopo Uvira tangu enzi za mababu. Alikuwa na kofia nyeupe, miwani yenye mguu mmoja, na subira ya ajabu kwa makosa yangu, ambayo hayakuwa machache. Nilimuuliza vitabu hivi vinakwenda rafu gani. Akaniambia nijaribu mwenyewe. Basi nikajaribu. Uvuvi nikauweka kwenye Kazi za Ziwa, kando ya kitabu cha kushona nyavu. Hema nikaziweka kwenye Misaada na Wakimbizi, kwa sababu maishani mwangu sikuwa nimeona hema iliyofunguliwa kwa sababu nyingine. Milima nikaipeleka kwenye Usafirishaji, maana kila picha ilionyesha mtu amebeba mzigo.

Msicheke. Au chekeni tu, hata mimi nacheka.

Wasomaji ndio walionisahihisha. Mkulima mmoja wa Lubarika aliazima kile cha hema, akakirudisha baada ya siku mbili akisema kwamba yeye na familia yake walicheza mchezo huo miezi mingi bila kujua kuwa ni mchezo, na hakuna aliyekuja kuwapiga picha wakicheka. Tulicheka mpaka machozi, na baadhi ya machozi yale hayakuwa ya kicheko. Kisha wakaja akina mama wanaoshusha mihogo kutoka milimani, wakasimama na vikapu vyao mgongoni wakitazama picha ya mzungu aliyebeba begi kubwa kuliko yeye mwenyewe. Mmoja alitaka kujua nani anamlipa. Nilipomwambia halipwi, anapenda tu, alimwita mwenzake aje asikie. Kesho yake walirudi watano, nikawasomea tena ukurasa uleule.

Mzee Saleh aliinuka. Alichukua kibao, akaandika Kujifurahisha, tukakipigilia misumari juu ya rafu iliyokuwa tupu. Nikahamisha vitabu vyote pale, nikipuliza vumbi na aibu kwa pamoja.

Kosa langu la pili lilikuwa la mwezi. Mnajua kwamba wavuvi wetu wa ndakala, wale dagaa wadogo wa ziwani, wanavua kwa taa. Giza likiwa zito, samaki wanaifuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa, samaki hawaioni taa kuwa kitu, basi wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakata nywele, wanagombana na wake zao. Ndizo siku zao za kusoma. Lakini mimi nilikuwa nimepitia stajé, mafunzo ya kazi, nikafundishwa kwamba kitabu kinaazimwa siku kumi na nne, basi kwangu ilikuwa siku kumi na nne hata mbingu ianguke. Siku ya kurudisha ikaangukia mara kwa mara wakati wa giza, watu wanashinda usingizini na kukesha majini. Vitabu vikachelewa, nikaandika barua kali, nikabandika majina mlangoni. Vilivyorudi vilinuka. Kimoja kilikuwa na ndakala mkavu katikati, amelala vizuri kwenye ukurasa ambako msomaji aliishia.

Mzee Saleh alininyang'anya muhuri wa tarehe mkononi. "Kalenda ya hawa batu iko juu," aliniambia. "Weye unaangaliaka tu ile ya ku ukuta." Kuanzia siku ile kadi za wavuvi hazikuandikwa tarehe. Ziliandikwa Mwezi. Unaazima ukianza kukua, unarudisha taa zikianza kuonekana tena ziwani. Vitabu vikarudi vyenyewe, na barua zangu kali nikazigeuza kuwa karatasi ya kufungia karanga. Nyinyi mna simu inayotuma ujumbe yenyewe, nawaonea wivu, lakini ifundisheni simu hiyo kuutazama mwezi.

Na kwa kuwa mtauliza: kitabu kinachonuka samaki, kiweke ndani ya katoni pamoja na makaa yasiyowashwa, ufunge, ukisahau wiki nzima. Kilicholowa usikianike juani, kitapinda kama bati bovu. Kisimamishe kivulini kurasa zimeachana, tia magazeti katikati, badilisha magazeti kila yakinyonya maji, na mwisho kilaze chini ya jiwe. Ndakala mkavu mtoe taratibu kwa kuanzia mkiani.

Sasa kapiteni.

Papa Kashindi alikuwa akiongoza ekipe ya Makobola, yaani kundi la wavuvi wa mtumbwi mmoja mkubwa. Mtumbwi na nyavu vilikuwa mali ya ukoo, na msemaji wa ukoo alikuwa kaka yake mkubwa, Papa Lubunga. Kashindi alikuwa mrefu, mpole, na alisoma akitikisa midomo. Alikuja siku moja mwezi unakua, miaka kadhaa baada ya ile katoni, akapitisha kidole kwenye ile rafu ya Kujifurahisha, akachomoa kitabu cha kijani cha kuvua kwa fimbo. Akafika kwenye picha mbili zilizokaa pamoja. Katika ya kwanza mzungu amesimama mtoni, buti za mpira zimefika mapajani, ameshika samaki. Katika ya pili samaki anaondoka na mzungu anacheka zaidi kuliko mwanzo.

Alisimama pale muda mrefu mpaka nikadhani ameshikwa na malaria. Akaniomba nimsomee maneno ya chini ya picha. Nikasoma: mvuvi anamrudisha samaki majini, akiwa na furaha ya kumwona. Akaniomba nisome tena. Kisha akauliza yule mtu jioni anakula nini, nikasema kitabu hakisemi.

Akakiazima. Mwezi uliofuata akakiazima tena, na uliofuata tena, kila mara akija na maswali. Mimi nilikuwa juu mawinguni. Mkutubi akipata msomaji anayerudi na maswali anatembea barabarani akijichekea, na mimi nilijichekea kutoka Mulongwe mpaka sokoni na kurudi. Sikujiuliza hata mara moja maswali yale yanampeleka wapi.

Yalimpeleka kwenye jiwe moja nje kidogo ya Makobola, asubuhi ya mwezi mpevu. Alikata fimbo, akafunga uzi na ndoana. Mjue kwamba kwetu kuvua kwa fimbo ni mchezo wa watoto. Kapiteni mwenye mvi akikaa jiweni na fimbo ni sawa na askofu akiruka kamba. Akavua kuhe. Akamshika majini, akamtazama, akafungua mikono. Kijana mmoja wa ekipe yake alikuwa anashona wavu karibu, akatoa simu, akarekodi. Video ile ilifika Uvira kabla kuhe hajafika chini.

Mchana wa siku ileile mlango wangu ukafunguka. Aliingia mama mmoja, unga wa bugali bado mikononi, nyuma yake dereva wa moto aliyetaka kuona kitakachotokea. Alikuwa Mama Neema, mke wa Kashindi.

"Weye njo Mama Vitabu?" akaniuliza. "Ulimupa bwana yangu kitabu gani? Anakamata samaki, anairudisha mu maji."

Niliinuka, nikakaa, nikainuka tena. Akanieleza yote amesimama. Ekipe ilikuwa imekataa kupanda mtumbwi na mumewe, wakisema mtu anayekataa kitu alichopewa na ziwa, ziwa halitampa tena, yeye na walio naye. Kesho yake ukoo ungekaa kikao. Wakiona amepotewa na akili, mtumbwi ungepewa kapiteni mwingine kabla ya giza kurudi, na Kashindi hajui kazi nyingine duniani. Akamaliza kwa kuniambia kwamba natakiwa kufika, mimi na kitabu changu.

Niliogopa, nasema kweli. Nilimwambia Mzee Saleh labda niseme kitabu kimepotea. Alivua miwani yake, akaifuta, akasema kitabu kikishtakiwa mtu wa maktaba anakwenda nacho. Basi nikapanda moto asubuhi, kitabu nimekifunga tumboni kwa kikwembe kama mtoto, tukaifuata barabara ya Fizi.

Papa Lubunga alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali. Alikuwa amekaa barazani kwake, wazee pande zote, ekipe imesimama uani, Kashindi peke yake kwenye benchi. Kitabu kikawekwa juu ya kigoda katikati. Nikaambiwa nikisome chote, niweke kwa Kiswahili, nisifiche kitu.

Nikasoma. Kitabu kilianza kwa kumshauri mvuvi achague kofia. Wazee wakatikisa vichwa, kofia ni sawa. Kikasema mvuvi asipige kelele karibu na maji, nao wakaitazama ekipe, kwa sababu kuna mmoja anayeimba. Kikasema alowanishe mikono kabla ya kumshika samaki ili asimchubue. Mzee mmoja akauliza kama kuna watu wanavua samaki mikono ikiwa mikavu, na kama wapo, wanawatoa wapi hao samaki. Hapo uani wakaanza kucheka, mimi nikajizuia, na kujizuia ndiko kulikoniponza, kwa maana sauti ilinitoka puani.

Papa Lubunga hakucheka. Aliomba zile picha mbili, akazitazama sana.

"Na bibi ya huyu muzungu," akasema, "yeye anasema nini?"

Nikasema sijamwona humo. Akaniamuru nimtafute. Vijana wangu, nimetafuta vitu vingi katika vitabu, lakini siku ile nilimtafuta mke wa mvuvi wa kizungu kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, ukoo mzima unaningoja, na Mama Neema ameinama begani kwangu akitafuta pamoja nami. Samaki walikuwepo, mbwa alikuwepo, buti zilikuwa na sura nzima ya kitabu peke yazo. Karibu na mwisho tukampata. Alikuwa mdogo sana pembeni mwa picha, analeta kikapu cha chakula.

"Bon," akasema Mama Neema, "iko." Na ua lote likaangua kicheko, wazee, ekipe, mimi, hata yule dereva wa moto ambaye hakuna aliyemwalika.

Kilipotulia, Papa Lubunga akamgeukia mdogo wake. Akamuuliza kwa utaratibu, bila ukali, kwa nini alimwacha yule samaki aende. Kashindi aliinamisha kichwa. Alimjibu kaka yake kwa kumwita Yaya, yaani mkubwa wangu, akitazama miguu yake.

"Yaya, toka minye mutoto, samaki yote nilikamata ilikuwa tayari ya batu. Ya kuuza, ya masomo ya batoto, ya pétrole ya taa. Hata haijatoka mu maji, ilikuwa tayari na mwenyewe. Nilitaka moja ikuwe yangu. Basi ile yenye ilikuwa yangu, nikaiona, nikaona naweza kuiacha."

Nilimtazama Mama Neema. Alikuwa amekaa chini, mikono mapajani, uso wake umebadilika kabisa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba amelala na mtu huyu miaka yote hii, amemtengenezea samaki wangapi hajui, na hakuwahi kumuuliza kama anapenda hata kuwatazama.

Papa Lubunga akainuka. Akasema yeye hawezi kuhukumu wazimu ambao hajauonja. Twende ziwani sasa hivi, avue mwenyewe kwa ile fimbo. Akimrudisha samaki na moyo wake ukabaki salama, mambo yameisha. Moyo ukikataa, basi kitabu ni kibaya, na mtumbwi utapata kapiteni mwingine. Ekipe ikasema ni haki. Kashindi akaitikia kwa kichwa, akaenda kuleta fimbo.

Tukashuka wote. Ilionekana kama msafara wa harusi uliosahau bibi harusi. Papa Lubunga aliingia majini mpaka mapajani, suruali yake ya heshima na yote, nami nikasimama jiweni kumsomea maelezo kwa sauti. Nilipofika kwenye kofia, mtu alimvisha ya kwake. Nilipofika kwenye kutopiga kelele, tulikuwa watu zaidi ya hamsini tunanyamazishana.

Samaki walikataa. Jua likapanda. Mzee alianza kuisema ile fimbo vibaya, kisha wazungu, kisha mimi. Halafu uzi ukakaza, fimbo ikapinda, na mtu mpana yule akatoa sauti nyembamba ambayo ndugu zake waliapa hawajaisikia tangu akiwa mdogo. Alikuwa kuhe. Si mkubwa kama yule wa Kashindi, lakini wa kuheshimika. Akamtoa ndoana taratibu, akamshika ndani ya maji kwa mikono miwili.

Nikasoma: sasa fungua mikono.

Hakufungua. Tukangoja. Nikasoma tena, kwa sauti ya chini. Alikuwa akimtazama samaki, na jasho linamtoka chini ya ile kofia ya kuazima.

"Mukono inakataa," akasema. "Minye nataka. Mukono njo inakataa."

Hakuwa anadanganya. Maisha yake yote mikono ile ilikuwa imejua neno moja tu, kushika. Ekipe ikaanza kunong'ona. Kashindi alifumba macho, kwa sababu aliona mtumbwi wake unaondoka, na mimi nilikuwa nimekikumbatia kitabu kwa nguvu mpaka jalada likalia.

Mama Neema aliingia majini. Hakukunja hata kikwembe. Alifika kwa shemeji yake, akainama, akaanza kumfungua vidole kimoja kimoja, kama mtu anayemfungua mtoto ngumi iliyofumbata peremende. Kidole cha nne kilipoachia, kuhe alipiga mkia, akawalowesha wote wawili usoni, akaenda. Mama Neema akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa humo humo majini, akacheka amekaa.

Papa Lubunga alibaki ameinama, mikono wazi chini ya maji, anautazama upande samaki alikokwenda. Mtu mmoja wa ekipe akasema kwa woga kwamba labda haihesabiwi, amefunguliwa na mwanamke. Mzee hakumgeukia. Alijinyoosha polepole, maji yakimtiririka kidevuni, akawatazama ndugu zake waliokuwa ufukweni wakingoja hukumu.

"Mutumbwi ibaki kwa Kashindi," akasema. "Na hii fimbo ibaki kwangu."